Jogoo wa Maman Josée

Vijana wangu wa ushirika, mmeniita nije niwaeleze habari za kuku kwa kuwa mmesikia kwamba Maman Josée anajua. Kabla sijakikalia kiti cha mbele mlichoniwekea, teremkeni Rwimbogo mkaulize maana ya "jogoo ya Maman Josée". Watawaambia ni mwanamume mwenye suti nzuri asiye na kazi. Ni mkwe aliyepokelewa kwa shangwe, kisha akawa analala mpaka jua limesimama. Ni redio inayong'aa isiyoshika stesheni hata moja. Siku moja sokoni Kamembe nilimsikia muuza ndizi akimwita hivyo fundi wake wa baiskeli, nami nimesimama pale pale nachagua ndizi. Hakunijua. Niliondoka haraka, nikaziacha ndizi zangu mezani kwake.

Kwa hiyo nitawaeleza ya kuku na ya jina pamoja, maana sijui kuyatenganisha. Mtanivumilia nikirukaruka. Kichwa changu sasa kinakumbuka kama kuku anavyodonoa, huku na kule.

Kazi nilijifunzia Bukavu, upande wa Kongo. Mimi ni Mnyarwanda, lakini nilizaliwa kule na kukulia kule, na ujana wangu wote ulinukia maranda ya banda la kuku la misheni. Msimamizi wake alikuwa Papa Birindwa, Mushi, wa kabila la huko, mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kumfukuza kuku mbio hata siku moja. Alikuwa akiingia bandani akisema na kuku kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi, na kuku walimpisha. Sisi wasichana tuliingia na kelele, tukatoka na mavumbi na mikwaruzo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kumsoma kuku kabla ya kumshika. Ninyi mnatazama manyoya. Acheni. Manyoya ni nguo tu, na nguo mtu anaweza kuazima. Tazameni upanga wa kichwani: ni mmoja uliosimama, au umelala kama waridi? Tazameni miguu: mtetea wa miguu ya njano akitaga sana, ile njano hupauka. Pimeni kwa vidole nafasi kati ya mifupa ya nyonga. Vikiingia vidole vitatu huyo yuko kazini, kikiingia kimoja mnalisha mgeni. Kisha geuzeni kichwa mtazame chini ya sikio, pale penye kipande kidogo cha nyama, ndewe. Ndewe nyeupe, tarajia yai jeupe. Ndewe nyekundu, tarajia yai la kahawia. Kwa kuku wa asili moja kanuni hiyo ni nzuri. Kwa machotara ni ya kujidanganyia, na Papa Birindwa alinikumbusha hilo mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia.

Mwaka wangu wa kwanza alinituma sokoni nikanunue jogoo wa Leghorn, wale weupe wa kizungu wepesi wenye ndewe nyeupe. Nilirudi na jogoo mweupe kama shuka ya hospitali, kifua wazi, nikimbeba kwa madaha. Papa Birindwa alimgeuza kichwa. Ndewe nyekundu. Akamtazama miguu, minene kama ya meza. Nilikuwa nimenunua kuku wa nyama. Hakunigombeza. Aliniachia nimlishe, na yule jogoo alikula, akanenepa, akashindwa hata kumpanda mtetea. Wiki nyingi wenzangu walikuwa wakimwita mchumba wangu. Mngedhani hapo ningejifunza kutoharakisha kushangilia.

Jambo lingine alilonifundisha ni hili, na naomba mlishike. Rangi ya kahawia haimo ndani ya ganda. Hupakwa juu, mwisho kabisa, saa chache kabla yai halijatoka. Vunjeni yai la kahawia mtazame upande wa ndani: jeupe. Papa Birindwa alisema, "Kuku ikishtuka, fundi wa rangi anatupa borosi, anakimbia." Tulimwona fundi huyo na brashi yake, tukacheka sana. Nilicheka mimi zaidi ya wote, na huenda ndiyo sababu sikulihifadhi kama somo.

Baada ya mauaji ya kimbari tulirudi Rwanda, nchi ambayo wazazi wangu walikuwa wakiiimba na mimi sikuwahi kuiona. Ilikuwa bado inazika. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, na watu walinisikiliza wakijizuia kucheka, isipokuwa nilipokuwa nimeshika kuku. Nikiwa na kuku mkononi walininyamazia. Pengine ndiyo maana nilianza kupenda kusikilizwa kuliko ilivyofaa.

Parokia moja ilinipa banda karibu na uwanja wa ndege wa Kamembe. Mnunuzi wangu mkubwa alikuwa Nsimire, binti wa Papa Birindwa, mama wa watoto wadogo, aliyevuka daraja la mpakani na vikapu vya mayai kwenda kuuza Bukavu. Nsimire alikuwa na kilio kimoja. Akina mama wa Bukavu walitaka yai la kienyeji, dogo, lililopauka, la kumpa mtoto au mgonjwa. Yai la kahawia walisema ni la pondeuse, kuku wa kizungu wa mayai, anayekula dawa. Basi kuku wa kienyeji anataga kidogo, kisha anaamua kuatamia na hataki kusikia habari nyingine. Pondeuse anataga kila siku, lakini yai lake halitakiwi.

Nikasema nitatengeneza kuku mmoja mwenye tabia za wote wawili. Atage kama pondeuse, yai liwe la kienyeji. Nilichukua mitetea wa kienyeji nikawapa jogoo mwekundu wa kizungu, wa ukoo wa pondeuse. Binti zao nikawarudishia majogoo niliowachagua kwa macho, wenye ndewe nyeupe, wazuri wa kupigwa picha. Miaka ilipita. Kizazi cha pili kilipoanza kutaga, mayai yalitoka ya kahawia. Nilihuzunika, nikajiambia labda yatabadilika.

Yakabadilika. Bukavu ilipiganiwa tena. Mizinga ilisikika ng'ambo ya maji, mabati ya banda yakatetemeka, elikopta zikapita juu yetu chini chini mchana kutwa. Na katika siku zile zile, naingia bandani nakuta mayai yamepauka. La huyu, la yule, la wote. Rangi ya maziwa yenye majani kidogo ya chai. Hata pondeuse mmoja wa zamani, mwekundu, ambaye hakuwa amewahi kutaga ila kahawia, naye alitaga jeupe. Nikasema huyo ni uzee, maana kuku akizeeka yai hupauka kidogo. Kweli hupauka kidogo. Lakini mimi nilihitaji sababu, nikaichukua iliyokuwa karibu.

Wiki hiyo Nsimire alivuka mpaka na watoto wake na furushi moja la nguo. Nilimpa chumba. Alikaa kitandani hajafungua hata viatu. Nami nikaja na trei ya mayai. Hadi leo nikikumbuka hapo uso wangu unawaka. Nikamwambia, tazama, nimefaulu, hili ndilo yai lako. Nikamwekea moja mkononi. Alilishika kama mtu aliyepewa kitu cha mtu mwingine.

"Maman Josée," akasema, "papa bado iko kule."

Nilimwambia Mungu atamlinda. Kisha nikamwambia tena habari za jogoo.

Sikungoja. Mizinga ilikuwa bado inalia niliposhika njia ya Rwimbogo na kikapu cha mayai yangu meupe na majogoo kadhaa, ndugu wa wale mitetea. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wafugaji, kiongozi wao Vestine, mjane aliyezaliwa Uvira, Kongo, na kurudi kama mimi. Kuku wake wote walitokana na jogoo mmoja wa kijivu, upanga umepinda, jicho moja limefifia kwa kupigana. Vestine alipewa yule jogoo angali kifaranga, siku alipoezeka nyumba yake. Mtetea yeyote aliyefugwa kwenye kilima kile alikuwa binti au mjukuu wa yule kijivu. Yai la mitetea hao lilikuwa dogo, limepauka, na Nsimire alikuwa akilinunua bila maswali.

Kubadili majogoo, kwa msiojua, kuna sharti gumu. Ukileta jogoo mpya, wa zamani lazima waondoke wote, siku hiyo hiyo. Ukimwacha mmoja, ataruka ua na kazi yako imekwisha. Niliwaeleza. Niliwapitishia mayai mkono kwa mkono. Nikawageuza majogoo wangu vichwa nikawaonyesha ndewe nyeupe, nikasema sana, na Kinyarwanda changu siku hiyo hakikunikwama. Vestine aliuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Maman Josée, uko na uhakika?"

Nikasema ninao.

Mchana ule majogoo wa kilima kile walichinjwa. Wengine waliliwa, wengine walipelekwa sokoni wakiwa wamefungwa miguu. Kijivu alipikwa kwa Vestine, kwa ajili yangu. Mnajua firigisi kwetu ni ya baba mwenye nyumba. Nyumba ile haikuwa na baba, na Vestine alichukua firigisi akaiweka kwenye sahani yangu, mimi mwanamke, mbele ya wote. Ilikuwa heshima kubwa sana. Niliila haraka kwa kuwa nilikuwa bado nazungumza.

Mizinga ikanyamaza. Elikopta zikapungua. Papa Birindwa alivuka daraja akiwa hai, amekonda, koti linamning'inia, na Nsimire alimshika mkono njia nzima mpaka kwangu, hakumwachia. Hata hakuomba maji. Aliomba aone kuku. Nadhani alitaka kutazama kitu ambacho hakijabomoka.

Aliingia bandani kwa ile sauti yake ya chini. Trei ilikuwa pale, na mayai ya asubuhi ile yalikuwa na rangi ya kahawia, hafifu bado, lakini kahawia. Nilikuwa nimeyaona tangu siku mbili tatu, nikajiambia ni chakula. Nikamwonyesha na yale meupe niliyokuwa nimeyatunza kama ushahidi.

"Hii yote ilipauka wakati gani?"

Nikamwambia wiki gani.

"Pamoja? Hata ile nyekundu ya zamani?"

Nikasema hata yule. Aliliweka yai chini taratibu.

"Njo masasi hiyo, mwana wangu. Haiko jogoo yako."

Ni ile mizinga, alimaanisha, si jogoo wangu. Hapo nikamsikia yule fundi wa rangi akitupa borosi lake, kama vile ananiambia tena kwa mara ya kwanza. Damu ya kuku haibadiliki kwa wote katika wiki moja. Ukizalisha, wengine watafuata mama, wengine baba, wengine babu usiyemjua. Utapata trei ya rangi mchanganyiko, na kazi ni kuchagua polepole. Wakibadilika wote kwa mpigo, tafuta kilichowapata wote. Nililijua hilo. Ningeweza kumfundisha mtu yeyote. Mayai yangu meupe yalikuwa hofu, basi. Hofu ile ile iliyomleta Nsimire na furushi la nguo, nami nilikuwa nimemwekea mkononi nikimtaka afurahi.

Nsimire alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alichukua ufagio akaanza kufagia sakafu ya banda iliyokuwa imefagiwa tayari. Wakati ule niliona aibu ambayo sina namna ya kuwaeleza zaidi ya kusema kwamba sikuweza kumtazama yeye wala kuku.

Niliteremka Rwimbogo siku iliyofuata. Nilitumaini kwamba pengine mmoja wao alinidharau akaficha jogoo wake chini ya tenga. Hakuna aliyenidharau. Walikuwa wameniamini wote, ndio ubaya wake. Nikasimama mbele yao nikaeleza habari ya mizinga na ganda na rangi, na Kinyarwanda kikanitoroka chote, nikawa nachanganya na Kifaransa na Kiswahili. Bibi mmoja mzee alimtazama jogoo wangu aliyekuwa akijipitisha uani, kifua mbele, mkia unametameta. Akauliza kama angalau anajua kuwika. Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta, na jina langu likazaliwa pale, jua la saa sita likiwaka. Vestine peke yake hakucheka.

"Yangu ilikuwa mubaya kwa macho," akasema. "Lakini ilikuwa inajua kazi."

Mabaya yalikuja baadaye, mabinti wa majogoo wangu walipokua. Walitaga vizuri, siwezi kuwasingizia, lakini mayai yao yalikuwa ya kahawia na Bukavu haikuyataka. Zaidi ya hapo, hawakuatamia. Ule uvivu wa kuatamia waliurithi kwa pondeuse. Mtetea alikuwa akitaga, anainuka, anakwenda zake. Mitetea wa zamani waliokuwa wanajua kuatamia walikuwa wanazeeka, na nyumba nyingine mwewe alikuwa ameshawapunguza. Kilima kizima kilikuwa kinaelekea kukosa vifaranga, na akina mama wale walikuwa wamejenga maisha yao mapya juu ya vifaranga. Karo ya shule, sabuni, mafuta, vyote vilitoka chini ya kuku anayeatamia. Kila nilipopita, Vestine alikuwa akinisalimia kwa adabu kamili. Ningependa angenitukana.

Nikatafuta majogoo wa kienyeji. Karibu na barabara hawakuwapo, maana miradi kama yangu ilikuwa imepita kila mahali penye gari. Nikasema nitakwenda mahali ambapo hata sisi wataalamu tumeshindwa kufika. Nikaenda Bweyeye, kando ya msitu. Gari liliniacha mbali na matope, nikavua viatu nikaendelea kwa miguu, tenga kichwani. Mvua ya msitu ule haina adabu. Niliteleza mara nyingi, na kila nilipoinuka nilimkumbuka yule bibi na swali lake la kuwika.

Huko nilikuta majogoo wa kila rangi. Mzee mmoja alinishikia mmoja mweusi mwenye madoa, akangoja nimgeuze kichwa. Alikuwa amesikia kwamba mtaalamu amekuja kutoka Kamembe. Nikaweka mikono nyuma. Nikamwomba, kwa Kinyarwanda changu kibovu, anionyeshe mama yake, na yai la mama yake, na kama mama yake anaatamia. Akashangaa. Akauliza mbona nisimtazame tu nikajua. Nikamwambia jogoo hatagi, mzee wangu. Kilichomo ndani yake hakionekani usoni. Nimeshamtazama kuku usoni nikaharibu kilima.

Hilo ndilo nililotaka kuwaachia leo, vijana. Ukichagua jogoo, uliza mama yake alitaga nini na dada zake wanataga nini. Kaa siku kadhaa kwenye nyumba hiyo uone. Wale wanaojua kila kitu kwa kutazama pua na sikio, katika nchi hii tumewaona, na sitaki kuwa mmoja wao hata kwa kuku.

Nilirudi na majogoo wa Bweyeye, na mwenye madoa nilimpeleka kwa Vestine. Alimpokea. Alimfunga mguu kwenye mgomba mpaka azoee uani. Hakunikaribisha kuketi, nami sikutarajia. Wale wazuri wangu wakachinjwa wote, safari hii bila karamu. Ilichukua muda mrefu. Watoto wa kwanza walikuwa nusu nusu. Tulichagua, tukachagua tena, safari hii kwa kungoja. Papa Birindwa alikuwa akija kutoka Bukavu na Nsimire, anakaa kwenye kigoda uani kwa Vestine akitazama mitetea, na siku alipoona mmoja amejilaza juu ya mayai na kugoma kuinuka, manyoya yamemsimama, alivua kofia. Hakuiona miaka mingi baada ya hapo. Alizikwa Bukavu, na nilivuka daraja kwenda kumzika.

Nilipostaafu, Vestine aliniita nyumbani kwake. Nilikuta akina mama wale wale, wamezeeka, na wajukuu wamejaa uani. Mwenye madoa alikuwa amechoka kazi, na vijana wake walikuwa wameshamnyang'anya kilima. Walikuwa wamempika. Nilitafuta mahali pa nyuma pa kukaa, nikakuta wameniwekea kiti cha mbele, kama mlivyofanya ninyi leo.

Vestine akaleta sahani. Firigisi ilikuwa juu.

Nilisema siwezi. Nilisema ampe mkwewe, aliyekuwa ameketi pale, mwanamume mzuri, mwenye suti. Wote wakamtazama yule mkwe, wakatazamana, na nikajua wanachofikiria. Mtoto mmoja akalisema kabisa kwa sauti, jogoo ya Maman Josée, na mama yake akamziba mdomo. Nikainamisha kichwa. Vestine hakuondoa sahani.

"Jina itabakia," akasema. "Lakini kula."

Ilikuwa ngumu, firigisi ya jogoo mzee. Nilitafuna kwa muda mrefu, nao walinisubiri mpaka nikameza.